Rubani Ambaye Hajashuka

Bi Kidawa, jirani wa kina Siwatu kwa upande wa jikoni, anadai kwamba alikuwa anaanika makopa ya muhogo juu ya bati la banda la kuku pale ndege ilipopita. Anasema aliisikia kabla ya kuiona, kwa sababu ile injini ya dizeli ilikuwa inanguruma kama mashine ya kusaga iliyolishwa mawe, na vikombe vyake vyote vikaanza kugongana kabatini. Akainua uso. Ndege ikapita juu yake huku ikiburuta moshi mweusi.

"Halafu ikanyamaza," anasema Bi Kidawa, mkono kifuani. "Jamani, ikanyamaza kama mtu aliyesahau alichotaka kusema!"

Vikombe vikatulia. Ndege ikaendelea kidogo kwa mazoea tu, ikainamisha pua, ikaenda kulala kule kwenye kinamasi cha matete. Moto haukuonekana. Kulisikika kishindo cha maji, na korongo wa kinamasini wakaruka wote kwa pamoja, wakazunguka, wakatua tena. "Wale walitua wenyewe," anasema Bi Kidawa. "Ndiyo tofauti."

Kisa hicho alikisimulia asubuhi hiyohiyo bombani, akakirudia kwa muuza mkaa, akakifikisha hadi sokoni. Mchana gari la Wizara ya Habari Njema likapita mtaani polepole. Ilipofika alasiri Bi Kidawa alikuwa anasimulia kwamba ndege ilipita, ikamsalimu kwa kutikisa bawa, ikaendelea na safari zake.

Siwatu alikisikia kisa cha kwanza. Alikuwa anatoka kazini, majivu bado yamemkaa kwenye nyusi, akawakuta wanawake wamemzunguka Bi Kidawa bombani. Walipomwona wakaacha kuuliza maswali, kila mmoja akawa anakagua ndoo yake kana kwamba kaiona leo. Ndani ya ndege ile kulikuwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa Kibwana, kaka yake Siwatu, tumbo moja.

*

Kwa faida ya wasomaji wa nchi zisizo na bahati kama ile, inafaa ielezwe jinsi dizeli ilivyopanda angani.

Nchi hiyo ilikuwa vitani na jirani yake wa kaskazini kwa ajili ya kilima kisichoota hata magugu. Petroli yote ya nchi ilikuwa inaingia kwa barabara inayopita kwa huyohuyo jirani, jambo lililokumbukwa baada ya vita kutangazwa. Ndege zikakaa chini, buibui wakahamia. Ndipo Mlezi wa Taifa, ambaye huota mchana ili asiwacheleweshe wananchi, akaota kwamba dizeli ipo. Na kweli ilikuwapo. Ilikuwa kwenye mashine za kusaga. Akaamuru ikusanywe yote, na wataalamu wabuni injini ya ndege itakayoinywa. Tangu hapo akina mama wakarudi kwenye vinu, na nchi nzima ikala ugali wa chenga kwa ajili ya ushindi.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Karakana ya Taifa ya Majaribio. Injini ya kwanza ilikuwa nzito kiasi kwamba ilipofungwa, ndege iliinamisha pua ardhini na mkia ukasimama juu, kama bata anayetafuta kitu matopeni. Mheshimiwa Kigonzo, Waziri wa Injini na Ushindi, alisema mkia huo ni ushahidi wa nia ya kupaa. Injini ya pili iliikimbiza ndege uwanja mzima, ikapita getini, ikaingia sokoni hadi kwenye meza za dagaa. Waziri akaamuru soko lihamishwe, kwa kuwa lilikuwa limekaa mbele ya maendeleo.

Injini ya tatu iliruka. Ili iruke, ndege iliondolewa kiti cha pili, ikaondolewa mabomu, ikaondolewa bunduki, na mwisho ikaondolewa mwavuli wa kumwokoa rubani, kwani Mheshimiwa alisema mwavuli ni mashaka yaliyokunjwa. Ikabaki ndege ya kivita isiyo na silaha ila kelele. Wataalamu wakathibitisha kwamba adui huogopa kelele.

Injini hiyo ilikuwa na sifa moja na kasoro moja. Sifa yake, iliyotangazwa redioni kila baada ya matangazo ya vifo, ni kwamba dizeli hunyweka kidogo, kwa hiyo ndege hukaa hewani muda mrefu. Kasoro yake, ambayo haikutangazwa popote, ni kwamba haikuipenda baridi. Asubuhi haikuwaka mpaka ipashwe moto, na huko juu kwenye baridi kali ilizimika bila kuaga.

Kwa ajili ya ile ya asubuhi ikaundwa Idara ya Joto. Siwatu, aliyeishia darasa la saba, aliajiriwa humo pamoja na wanawake wengine wa mtaani. Kazi yao ilikuwa kupanga majiko ya mkaa chini ya injini na kupepea kwa vipepeo mpaka chuma kirudiwe na fahamu. Siwatu hakuwa msemaji. Alipepea na kutazama, na watu wakubwa walipita karibu yake wakizungumza kama vile yeye ni jiko mojawapo.

Kwa ile ya angani lakini hapakuundwa idara, na si kwa uvivu. Kulikuwa na desturi. Katika nchi ile hakuna mashine ya serikali iliyowashwa kabla ya kupewa jina la shujaa wa taifa. Injini ilifungwa kilemba, ikafukizwa ubani, ikasomewa historia ya marehemu, vigelegele vikapigwa. Tangu dakika hiyo ikawa ndiye yeye. Ikapata heshima zake zote, pamoja na ile sheria inayokataza mtu yeyote kusema kwamba shujaa alichoka, alirudi nyuma au alisimama. Injini ya tatu ilipewa jina la Jemadari Kinara, ambaye kwa mujibu wa vitabu vya shule alitembea kutoka pwani hadi milimani bila kukaa kitako.

Basi mafundi wakajifunza adabu. Injini ikitoa moshi walisema Jemadari anahutubia. Ikivuja mafuta, Jemadari ana huruma. Ikichemka, Jemadari amekasirishwa na adui. Na ikizimika, Jemadari anatafakari. Mhandisi Kitwana, mbunifu mkuu wa injini, alipeleka taarifa wizarani kwamba Jemadari Kinara hutafakari mara kwa mara, hasa akiwa juu. Mheshimiwa Kigonzo aliisoma akafurahi mno. Alisema ndugu zetu wa nchi tajiri wana injini zenye nguvu tu, ilhali ya kwetu ina fikra.

*

Asubuhi ya safari yenyewe Kibwana alikuja kuota moto kwenye jiko la dada yake. Alikuwa kijana mrefu, mwenye masikio makubwa ambayo kofia ya urubani haikuyaweza.

"We Siwa, leo umeikaanga au umeichemsha?"

"Nimeipasha. Kuikaanga utajua mwenyewe huko juu."

"Huko juu hakuna kukaanga. Huko juu ni jokofu, dada'ngu."

Siwatu akapepea. Akaangalia kushoto na kulia, akasema bila kuinua kichwa, "Juzi ilitafakari?"

"Ilitafakari mpaka nikaona mabati ya watu. Nikaitukana matusi ya bandarini ndiyo ikaamka."

"Ulimtukana Jemadari?"

"Nilimtukania mama yake, Mungu anisamehe. Akawaka papo hapo." Kibwana akacheka, kisha kicheko kikamwisha. "Leo wanataka nipande juu zaidi. Waziri anataka adui aione."

"Sema unaumwa."

"Naumwa nini? Daktari wa kambi ataniuliza nimeambukizwa na nani. Nitamjibu Jemadari?" Akasugua viganja juu ya makaa. "Usimwambie mama habari za kutafakari. Yeye anajua nimeajiriwa kwenye injini isiyosimama. Mwache alale."

Akaenda. Jemadari alikataa, akakataa, akahutubia moshi mwingi, akawaka. Wanawake wa Idara ya Joto wakabeba majiko yao pembeni wakikimbia, na ndege ikaondoka juu ya lile lililokuwa soko.

*

Bi Somoe, mama yao, hakungoja kuambiwa. Siwatu alipoingia uani mama alimtazama uso, akaenda ndani, akatoa jamvi, akalitandaza sebuleni, akajifunga kanga kichwani na kuketi ameegemea ukuta. Majirani wakaanza kuingia, viatu vikajaa mlangoni. Kilio kikapandishwa.

Hakijakolea, akaingia Meja Ndomba, msimamizi wa mnara wa kuongozea ndege, akiwa na askari wawili. Nje ya mlango alikuwa ameacha bendi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mmemleta?"

"Tumeleta pongezi, mama."

"Mwanangu mmemweka wapi?"

"Yuko angani."

Bi Somoe akamtazama. "Angani tangu asubuhi?"

"Dizeli, mama," Meja akasema kwa upole. "Hunyweka kidogo."

"Baba, injini yenu ilinyamaza. Watu wameisikia."

Meja akawageukia wanawake. "Nani kasikia injini ikinyamaza?"

Wanawake wakatazama jamvi. Bi Kidawa, aliyekuwa kona ya mwisho, akapatwa na kikohozi.

"Kunyamaza hakusikiki, afande," mmoja wa askari akasema, kwa nia ya kusaidia.

"Umeona, mama? Sasa tuende kisheria." Meja akakunja vidole kimoja kimoja. "Injini ile ni Jemadari Kinara. Jemadari Kinara hajasimama. Ndege ambayo injini yake haijasimama haiwezi kuanguka. Hakuna uwanja uliotuarifu kwamba imetua. Kwa hiyo iko juu, na mwanao yuko ndani yake, yuko kazini. Hivi kweli mnamlilia mtu aliye kazini? Huo ni uchuro, mama yangu. Mnaweza kumponza."

Askari wakalikunja jamvi. Walilikunja vizuri, wakalifunga kamba, wakauliza liwekwe wapi. Bendi ikaanza kupiga.

Jioni Mheshimiwa Kigonzo mwenyewe akahutubia mbele ya nyumba, amesimama juu ya kreti la soda. "Ndugu wananchi!" akasema. "Mataifa makubwa yana ndege zinazoruka na kushuka. Kuruka na kushuka, kuruka na kushuka, kama panzi! Sisi tumevuka hatua ya kushuka! Kijana wetu Kibwana, mtoto wa mtaa huu, amekuwa mtu wa kwanza duniani kufanya jambo hili, na namwambia mama yake asiwe na wasiwasi, kwa sababu mwanawe hivi sasa yuko juu kuliko sisi sote!"

Watu wakapiga makofi. Siwatu alikuwa amemshikilia mama yake kiwiko.

*

Redio ikatangaza kwamba Kibwana amevunja rekodi ya dunia ya kukaa angani. Kesho yake ikatangaza kwamba rekodi ya jana imevunjwa, na aliyeivunja ni yeye mwenyewe. Watoto wa shule wakaimbishwa wimbo. Ikatolewa stempu yenye masikio yake, mengine yote yamefichwa na kofia. Adui naye akatoa taarifa kwamba hajaona ndege yoyote, na Wizara ikaieleza taarifa hiyo kuwa ni dalili ya hofu kubwa.

Bi Kidawa akateuliwa kuwa Msikilizaji wa Taifa. Akapewa kiti cha plastiki na kofia, na kila siku saa za chai akakaa barazani kwake akisikiliza juu. Mtu wa redio alikuwa akija na kinasa sauti kumuuliza kama ndege imepita, naye akisema imepita.

Siku moja Siwatu akamkuta peke yake kwenye ua wa makuti unaotenganisha nyumba zao.

"Bi Kidawa, leo umeisikia?"

"Nimeisikia, mwanangu. Ilipita kwa juu sana."

"Siku ile ulisema ilinyamaza."

"Nilisema?" Bi Kidawa akarekebisha kofia yake. "Mtoto we, nina wajukuu yatima wamejaa humu ndani. Wananipa dumu la dizeli, nasagisha unga laini, watoto wanaacha kuharisha. Wewe utanipa dumu?"

"Sina dumu."

"Basi." Kisha akasogea karibu na makuti, sauti ikapungua. "Lile banda la kuku Kibwana ndiye aliyeniezekea. Hakutaka hata chai. Unafikiri mie nikikaa pale kwenye kiti nasikia nini? Nasikia ilivyonyamaza. Kila siku, saa zilezile. Nenda zako, wasikuone hapa."

*

Siwatu akaenda kinamasini. Akakuta kibao kipya kimesimikwa: HAPA HAKUNA KITU. NI MARUFUKU KUANGALIA. Chini ya kibao alikaa askari, viatu kavivua, anakausha soksi.

"Rudi, dada."

"Unalinda nini, kaka?"

"Hakuna."

"Unalinda hakuna?"

"Tena usiku na mchana, kwa zamu. Juzi mwenzangu kasinzia, wamempa kesi ya kuacha hakuna bila ulinzi."

Siwatu akasimama akatazama, kwa kuwa kutazama ndiyo kazi aliyoizoea. Matete yalikuwa yamelala upande mmoja, njia pana kama ya tingatinga, na mwisho wa ile njia maji yalikuwa na rangi za upinde, zile rangi za mafuta. Kulikuwa na harufu ya karakana. Siwatu alipokuwa mdogo, Kibwana alimfundisha kuogelea kwenye bwawa la mgodini kwa kumsukuma tu, kisha akaruka na nguo zake kumtoa. Siwatu akaona maji ya kinamasi si marefu. Mtu angeweza kuyaingia kwa miguu, akafika.

"Kaka, niache niingie mara moja. Nikikuta hakuna, nitarudi."

Askari akavaa soksi mbichi ili awe na la kufanya. "Dada, ukiingia ukakuta hakuna, hakuna tatizo. Lakini ukikuta kitu? Mimi nitakuwa nimelinda nini muda wote huu?" Akainuka, akachukua bunduki, sauti yake ikawa kama ya mtu anayeomba. "Mie nawe tusijuane. Nenda nyumbani."

*

Nyumbani ndiko kulikokuwa na balaa lenyewe.

Mwanzoni wanawake wa mtaa walipata njia. Walikuja kwa Bi Somoe na vitunguu. Kila mmoja na kisu chake na ubao wake, wakakaa kwa duara uani, wakakata, wakalia. Kulia kwa kitunguu hakukuwa kumekatazwa. Bi Somoe alikata vitunguu mpaka mikono ikamwasha, akalia kidogo kidogo kwa mafungu, na Siwatu akamwona anapumua. Alikata, akasema, "Kibwana alikuwa hapendi kitunguu kibichi," na duara zima likalia kwa sauti.

Wizara ikagundua kwamba mtaa mmoja unamaliza vitunguu kuliko kikosi cha mizinga. Likatolewa tangazo kwamba katika nyumba za mashujaa vitunguu vikatwe na mtu mmoja, mlango wazi, akiwa na tabasamu. Duara likavunjika.

Bi Somoe akaacha kulia. Hapo ndipo Siwatu alipoogopa. Mama alianza kutazama juu. Alitazama akifua, akitwanga, akiongea na watu, shingo imepinda, kama kuku anayekunywa maji. Asubuhi moja alitoa sweta la Kibwana kabatini akalianika juani.

"Mama, la nini?"

"Kule kuna baridi. Alivaa nini siku ile? Shati tu?"

"Mama." Siwatu akapiga magoti mbele yake. "Mama, Kibwana amekufa. Yuko kinamasini. Nimeona matete."

Bi Somoe akamziba mdomo kwa kiganja. Si kwa sababu ya askari. Mtaani hakukuwa na askari saa ile. "Usiseme," akanong'ona. "Na kama wao ndio wanaosema kweli? Wamesoma wale. Mie nikimlilia mwanangu naye yuko hai, nitakuwa nimemuua mimi."

Tangu siku hiyo hakuingia ndani tena. Alihamishia jamvi lile uani, lile lililofungwa kamba vizuri, akalilaza, akalala chali juu yake. Akapigwa na umande, akaanza kukohoa, mbavu zikahesabika. Mawingu ya masika yalikuwa yanajikusanya. Siwatu alimbembeleza, akamvuta, akamletea uji. Mama alikunywa kidogo, akajifuta, akarudisha macho juu.

"Akishuka nitaingia," akasema. "Hashuki, naingiaje?"

*

Siwatu akamfuata Mhandisi Kitwana karakanani. Alimkuta ananawa mikono, anairudia kuisugua ingawa ilishatakata.

"Shikamoo, baba. Nimekuja na shida."

"Naijua shida yako, binti yangu."

"Naomba uje nyumbani umwambie mama neno moja. Ilizimika. Basi. Humwandikii mtu, humwambii mwingine. Akilisikia kwako wewe uliyeiunda, ataamini. Atalia, atapona."

Mhandisi akaendelea kusugua. "Nikisema hivyo nitakuwa nimemshtaki Jemadari Kinara. Na Jemadari hawezi kuja mahakamani kujitetea, kwa hiyo anashinda moja kwa moja." Akaufunga mfereji. "Wale waandishi wa vitabu vya historia waliokamatwa juzi wapo jela bado, na wao walisema tu kwamba labda alikaa kitako kidogo njiani."

Nyuma yake, chini ya turubai, kulikuwa na injini nyingine. Siwatu akaiangalia.

"Hiyo ya nne," Mhandisi akasema. "Itapewa jina kwenye sherehe za Siku ya Anga. Inazimika vilevile, kwa kuwa ile ya tatu hairuhusiwi kuwa na kasoro, hii ningeirekebisha wapi? Niliwaomba hii waipe jina la mtu mwoga. Yeyote, hata mmoja tu katika historia yetu, mtu aliyekimbia vita, ili niweze kusema inasimama, nijue inasimamia wapi, niitengeneze. Wamepekua. Wamenijibu kwamba nchi hii haijawahi kuwa na mwoga."

Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakuwa na kitunguu.

"Nani ataendesha hiyo?" Siwatu akauliza.

"Kijana mmoja wa juzijuzi tu. Ana mchumba."

*

Siku ya Anga uwanja ulijaa bendera. Familia ya shujaa iliketishwa jukwaani, viti vya mbele. Siwatu alikuwa amemkokota mama, nusu akimbeba, kumfikisha, na mama alikubali kuja kwa sababu uwanjani, alisema, anga ni kubwa zaidi.

Meja Ndomba akamwinamia Siwatu sikioni. "Mheshimiwa atakuuliza kama familia ina ombi. Wewe utajibu, hatuna ombi, tumeridhika. Rudia."

"Hatuna ombi, tumeridhika."

"Safi. Polepole na kwa furaha."

Injini ya nne ikafungwa kilemba. Ubani ukafuka. Kijana wa mchumba alisimama kando yake amenyooka, jasho likimtiririka hadi kidevuni, na hakuna aliyemfuta. Halafu ikaletwa ile sehemu iliyopendwa na watu wote: kipaza sauti cha mnara kikaunganishwa na spika za uwanja, na Meja akakishika kwa mikono miwili.

"Mnara unamwita Rubani Kibwana! Mnara unamwita Rubani Kibwana! Taifa linakusalimu! Hujambo?"

Spika zikakwaruza. Upepo ukapita ndani yake. Watu wote waliinua nyuso, maelfu ya shingo.

"Hajambo!" Meja akatangaza. "Anasema kazi inaendelea!"

Makofi yakapasuka. Bi Somoe akaukamata mkono wa Siwatu. "Amesema?" akauliza. "Mie sikusikia. Wewe umesikia? Amesemaje?" Na kikohozi kikamkaba, akakohoa amejikunja mpaka kanga ikamwanguka mabegani, na hata akiwa amejikunja vile macho yake yalikuwa yanatafuta juu.

Mheshimiwa Kigonzo akapanda. Akazungumza juu ya ushindi, juu ya kilima, juu ya ugali wa chenga na faida zake kwa meno. Mwisho akaligeukia jukwaa, mikono ameitandaza. "Na sasa tuwasikie wenyewe, familia iliyotuzalia mtu wa juu kabisa. Binti! Serikali hii ni sikivu. Mna ombi lolote?"

Meja akamletea Siwatu kipaza sauti mdomoni, kilekile cha mnara.

Siwatu aliangalia uwanja. Alimwona Bi Kidawa chini kule na kofia yake ya Msikilizaji, akamwona Mhandisi Kitwana amejificha nyuma ya turubai, akamwona yule kijana na jasho lake. Hakuwahi kuzungumza mbele ya watu tangu alipoghani shairi darasa la nne. Sauti yake ilipotoka kwenye spika ilimshtua mwenyewe kwa ukubwa.

"Mheshimiwa, shikamoo. Tunashukuru kwa heshima mliyotupa. Tumesikia kaka yangu hajambo, na kwamba Meja huzungumza naye, na kwamba anasikia." Akamtazama mama yake. "Ameruka vya kutosha. Rekodi ni yake, hakuna wa kuivunja. Mama ni mgonjwa, na mvua inakuja. Kwa hiyo tuna ombi, nalo ni dogo. Tunaomba Meja amwambie ashuke."

Mpiga tarumbeta aliyekuwa ameshajaza mashavu hewa akabaki nayo. Mheshimiwa Kigonzo akamtazama Meja. Meja akakitazama kipaza sauti, kidole gumba juu ya swichi, akakibonyeza, spika zikakwaruza, akakiachia.

"Mwambie, baba," Siwatu akasema taratibu. "Si yuko hapo juu?"

Bi Somoe akateremsha macho kutoka angani, kwa mara ya kwanza tangu alipohamia uani, akayakaza usoni mwa Meja Ndomba, akangoja.